Boksi la gurudumu lilianzia kwenye kofia

Binamu yangu yuko Kisumu, anasambaza mikate kwa baiskeli ya Black Mamba. Fundi wa hapa Mbaraki amemsukia magurudumu mawili, nami nikapewa kazi ya kuyatuma kwa basi. Bila hayo hauzi kitu. Nikazunguka duka hadi duka kutafuta boksi, wapi!

Rimu ya Black Mamba ni 635 mm, na kipimo hicho kimo katika ISO 5775. Ndiyo maana tairi lake laweza kutengenezwa nchi yoyote na likaingia. Sisi waandishi wa programu tungeiita protokali. Tairi likivaliwa, gurudumu linafika kama sm 71, na boksi la hivyo muuza duka hana.

Karatasi ya mawimbi ilipewa hataza Uingereza mwaka 1856, lakini ya kutandika ndani ya kofia! Mwaka 1871 Albert Jones wa New York akaitumia kufungia chupa. Mwaka 1956 Malcom McLean akapakia makontena 58 kwenye meli Ideal X. Baadaye ISO ikayawekea vipimo, na leo yamepangwa Kilindini, jirani zetu. Zamani makuli walibeba mzigo mmoja mmoja.

Kumbe kontena lina kanuni, ila cha ndani kila mtu ajipimie. Nikaunga maboksi mawili ya tivii, nikaziba ncha za ekseli kwa vipande vya katoni zisitoboe. Yamefika salama, na mikate inatembea.