Fukusi wa Muguga, Samaki wa Gikomba

Kaloleni, Makongeni, Jericho: mitaa hii ya Eastlands, Nairobi, imekuwa makao ya familia nyingi za asili ya Nyanza tangu enzi za reli, na samaki wanaokaangwa kando ya barabara zake jioni hupitia soko la Gikomba kutoka Ziwa Victoria. Ghuba ya Winam ya ziwa hilo ilipozibwa na magugu maji katika miaka ya 1990, taabu hiyo haikuwa ya Kisumu peke yake.

Mmea wenyewe ni mzuri wa kutazamwa, wenye maua ya zambarau, na watu waliutoa Amerika Kusini wakaueneza duniani kwa ajili ya kupamba vidimbwi. Upande wa Uganda wa Ziwa Victoria ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na baada ya muda mfupi ukawa Kenya. Penye joto na maji yenye rutuba, eneo lake huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Wavuvi wa Homa Bay na Kendu Bay walishindwa kutoa mitumbwi yao. Kufikia Novemba 1998, picha za setilaiti zilionyesha zaidi ya hekta 17,000 zimefunikwa ghubani, eneo linalokaribia robo ya Nairobi nzima.

Dawa ya kuua magugu ilijadiliwa, lakini ni nani angeimwaga kwenye maji yanayonywewa na mamilioni? Taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ambayo leo ni KALRO, iligeukia aina mbili za fukusi wa Amerika Kusini: Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Walikuwa wamekwisha kuachiliwa Florida katika miaka ya 1970. Waliingizwa Kenya kuanzia 1993 na kuwekwa karantini Muguga, mwendo mfupi tu kutoka jijini, kabla ya kuzalishwa kwa wingi Kibos, karibu na Kisumu. Uganda ilitutangulia kuwaachilia ziwani, mwaka 1995. Sisi tulianza Januari 1997.

Fukusi huyu ana urefu wa milimita tano hivi. Usiku hukwangua majani na kuacha vidonda vidogo vya mraba, lakini madhara makubwa hufanywa na mtoto wake. Jike hutaga ndani ya mmea. Buu akianguliwa hutoboa kikonyo akishuka hadi kwenye kitovu cha mmea, kisha hujifungia kwenye mizizi, chini ya maji, ageuke kuwa mdudu kamili. Vikonyo vilivyotobolewa huingia maji na kuoza, na mmea huzama. Mazao yetu hayaathiriki, kwa kuwa bila magugu haya fukusi hawezi kuendeleza kizazi chake.

Mapema mwaka 2000 ghuba ilikuwa imefunguka kwa sehemu kubwa. Wataalamu walibishana: baadhi walisema ni mvua, mawimbi na mawingu ya El Niño. Mimi naona mawimbi yalimalizia mimea iliyokuwa imekwisha kudhoofishwa, na nasikitika kwamba wengi wanaikumbuka El Niño na kuwasahau watafiti wa Muguga na Kibos.

Magugu yalirudi baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006. Mbegu zake huweza kukaa kwenye tope miaka 20, na mito iliendelea kuingiza majitaka na mbolea ziwani.

Hapo ndipo jambo hili linapoifikia Nairobi yenyewe. Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 kuwa akiba ya maji ya kunywa, lilimezwa na magugu hayohayo. Maji yake huingia kutoka Kibera na kutoka kwa Mto Motoine, kisha hutoka kama Mto Ngong, unaokatiza Mukuru na Embakasi. Afrika Kusini imejifunza kwamba palipo na baridi fukusi huzaana polepole, na palipo na uchafu mwingi magugu huchipua haraka kuliko wanavyoweza kuyala. Nairobi ina yote mawili: usiku wake wa Julai na mabomba yake yaliyopasuka. Ndiyo maana ningependa kuona fedha zikitumika kwenye mifereji ya majitaka ya Kibera kabla ya mashine nyingine ya kuvuna magugu kuteremshwa bwawani.