Chombo Kilichochelewa Miaka Sitini

Aliyekulia mjini katika pwani yetu, zama za majokofu meupe yenye milango mizito, aghalabu atakuwa amepata kumwona fundi akichuchumaa uani nyuma ya jokofu bovu, akalishika bomba jembamba la shaba kwa koleo na kulikata. Na papo hapo ikasikika sauti ya kufoka, kali kwanza, kisha ikififia polepole hata ikanyamaza. Watoto tulisogea karibu tuisikie, wala hapana mkubwa aliyetukemea, maana gesi ile haikunuka, haikuwasha macho, wala haikushika moto. Fundi aliingoja iishe ndipo aanze kazi yake, nasi tulidhani imetoweka kama utowekavyo moshi wa jiko juu ya paa.

Dhana hiyo haikuwa ya watoto peke yao. Ilikuwa ya ulimwengu mzima wa mafundi, nayo ilikuwa na asili yake. Kabla ya 1930 majokofu ya nyumbani huko Ulaya na Marekani yaliendeshwa kwa amonia, kwa dioksidi ya salfa na kwa kloridi ya methili, gesi zenye sumu ambazo zilipovuja usiku ziliwaua watu vitandani mwao. Albert Einstein na mwenziwe Leo Szilard, kwa kuhuzunishwa na msiba wa aila moja ya Berlin iliyofikwa na mauti ya namna hiyo, walijishughulisha kubuni jokofu lisilo na sehemu zinazosogea, ili pasiwe na mahali pa kuvujia. Lakini dawa iliyoenea ilitoka kwingine. Mnamo 1928 Thomas Midgley, akishirikiana na Albert Henne na Robert McNary katika utumishi wa General Motors, alipata gesi ya R-12, ambayo baadaye watu waliizoea kwa jina la Freon. Na mwaka 1930, mbele ya hadhara ya wanakemia wa Marekani, aliivuta kifuani, kisha akaipuliza taratibu juu ya mshumaa uwakao, na mshumaa ukazimika. Kwa pumzi moja alithibitisha mambo mawili: haiui, wala haiwaki.

Usalama huo ndio uliozaa uzembe. Mafundi walitengenezewa geji za kupimia shinikizo, mipira ya kujazia gesi, mitungi ya kuichukulia na pampu za kunyonya hewa na unyevu katika mabomba. Kila chombo cha kuitia gesi ndani kilipatikana, ilhali cha kuitoa na kuihifadhi hakikuwa katika sanduku la fundi wa kawaida, kwa kuwa haikumdhuru aliyesimama karibu, na bei yake haikuwa ya kuililia.

Madhara yalikuwa juu, mbali na macho. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za jamii ya R-12 hupaa zikiwa nzima hata zifikapo kwenye tabaka la ozoni, ambako mionzi ya jua huzivunja, na klorini itokayo humo huila ozoni. Mwaka 1985 Joseph Farman na wenziwe walitangaza upungufu mkubwa walioupima juu ya kituo cha Halley, Antaktika. Mkataba wa Montreal wa kuzipunguza gesi hizo ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na aliyezisukuma nchi hata zikapatana ni Mmisri Mostafa Tolba, aliyekuwa akiongoza shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka Nairobi.

Hapo ndipo chombo cha kuitoa gesi kilipotakiwa kwa sharti la sheria. Marekani ilipiga marufuku kuiachia gesi hewani kwa makusudi kuanzia tarehe 1 Julai 1992. Na mashine zilizotengenezwa baada ya Novemba 1993 kwa ajili ya majokofu madogo zilipaswa kutoa asilimia 90 ya gesi ikiwa kompresa ya jokofu ingali hai, na asilimia 80 ikiwa imekufa.

Tofauti hiyo ya hesabu inatokana na kazi yenyewe. Kompresa iliyo hai humsaidia fundi kuisukuma gesi nje. Iliyokufa huwa imeficha sehemu ya gesi ndani ya mafuta yake, nayo haibanduki upesi. Fundi hodari huipasha moto kidogo, kisha huigongagonga ubavuni kwa nyundo ya mpira, na gesi huinuka katika mafuta mfano wa povu. Kabla ya hapo huwa amebana juu ya bomba vali ya kutoboa, ili shaba itoboke pasipo kuvuja kitu, akauunganisha mpira na mashine. Mashine zilizoenea siku hizi hubebwa kwa mkono mmoja. Ndani yake mna kompresa ambayo aghalabu haitumii mafuta, ili uchafu wa jokofu hili usiambukize lile, pamoja na feni na mabomba ya kuipoza gesi hata igeuke kimiminika na kuingia mtungini.

Mtungi nao una adabu zake. Huwekwa juu ya mizani tangu mwanzo, wala haujazwi kupita asilimia 80, maana kimiminika hutanuka kwa joto, na mtungi uliojaa pomoni ukiachwa juani waweza kupasuka kama bomu. Ule mtungi mwepesi wa kutumiwa mara moja haufai kujazwa tena kabisa. Tena kila gesi ina mtungi wake, kwani zikichanganyika mbili hazisafishiki kwa urahisi, na taabu yote imekuwa bure.

Kwa macho ya mnunuzi ni kazi kubwa kwa kitu kidogo, kwani gramu 150 za R-12 zaenea katika jokofu zima. Lakini gramu hizo hizo, zikiachiwa, hunasa joto la dunia kama tani nzima na zaidi ya hewa ya ukaa. Ndiyo sababu R-134a, iliyoshika nafasi yake bila kuigusa ozoni lakini nayo hunasa joto, ikaingizwa katika maafikiano ya Kigali ya Oktoba 2016. Majokofu mengi mapya hutumia isobutani, inayowaka. Kwa gesi hiyo hutakiwa mashine isiyotoa cheche, na fundi hufungua madirisha kabla ya kuunganisha mpira wa kwanza.

Nchi zetu zilipata mashine hizi pamoja na mafunzo kwa msaada wa mfuko ulioasisiwa London mwaka 1990, ila nionavyo mimi zimekaa vyuoni kuliko mitaani, na jambo hilo lanisikitisha. Namjua fundi mmoja aliyeizoea mashine hiyo masomoni, akajinyima hata akanunua yake iliyokwisha tumika. Chini ya meza yake pana mtungi ulioandikwa kwa chaki jina la gesi yake, R-22, pamoja na uzito wake. Nilimwuliza ataupeleka wapi ukifika kipimo. Akaugeuza kidogo kwa mguu, akasema, "Ndugu yangu, hapo ndipo sijaambiwa. Lakini siufungui."