Karakana ya Ugenini

Julai 1948, wakazi Wapalestina wa mji wa Lydda walipofukuzwa na wanajeshi wa Israel kwa mtutu wa bunduki, mchoraji Ismail Shammout alikuwa kijana wa miaka 18. Mdogo wake alikufa kwa kiu njiani. Familia ikafikia kambi ya Khan Younis, Gaza, ambako Ismail aliuza vitafunwa kisha akafundisha kuchora katika shule za wakimbizi. Mwaka 1950 alikwenda Cairo kusomea sanaa, na 1953 akarudi Gaza kuonyesha picha zake. Mwaka uliofuata kiongozi wa Misri Gamal Abdel Nasser alifungua maonyesho yake mjini Cairo. Baadaye Roma nayo ikampokea kama mwanafunzi.

Tulitazame neno hilo, “akarudi”. Siku hizi taasisi nyingi duniani hutoa ukaazi wa wasanii: chumba, karakana na posho kwa wiki au miezi kadhaa, kisha msanii hurejea kwao. Mpango huo unachukulia kwamba mtu ana kwao, na kwamba mpaka utamruhusu kutoka na kuingia. Kwa Mpalestina, yote mawili ni ya mashaka.

Waliobaki Ukingo wa Magharibi walijitafutia mahali. Mwaka 1979 wasanii wa Ramallah walifungua Gallery 79. Jeshi la Israel likaifunga mwaka uliofuata. Mchoraji Sliman Mansour husimulia kwamba ofisa mmoja aliwakataza kuchora kwa rangi za bendera yao, hata kama ni tikiti maji, ambalo lina rangi hizo hizo. Intifada, yaani uasi wa Wapalestina, ilipolipuka 1987, Mansour na wasanii wenzake Vera Tamari, Nabil Anani na Tayseer Barakat waligomea rangi za dukani kutoka Israel. Mansour akashika udongo, Anani ngozi, Barakat mbao zilizochomwa kwa moto. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi chenye rutuba kuliko vyote, na hakikulipiwa na mfadhili yeyote wa Ulaya.

Wafadhili walikuja kwa wingi baadaye. Kituo cha sanaa cha Darat al Funun kilifunguliwa Amman, Jordan, 1993. Wakfu wa Kipalestina wa A.M. Qattan ukaanza kuwapeleka wasanii kwenye ukaazi wa Cité internationale des arts, Paris, na tuzo yake kwa vijana ikapewa jina la Hassan Hourani, mchoraji wa Hebron aliyekuwa akiishi New York na akazama baharini Jaffa mwaka 2003, akiwa na miaka 29. Bethlehem nako, tangu 2014, nyumba ya zamani ya ukoo wa Jacir imegeuzwa na msanii Emily Jacir kuwa Dar Jacir, mahali pa wageni na wenyeji kufanya kazi pamoja. Hapo mgeni ndiye anayesafiri kumfuata Mpalestina. Mei 2021 wanajeshi wa Israel waliivamia na kuiharibu, ikakarabatiwa.

Gaza hali ilikuwa ngumu zaidi. Tangu mzingiro wa Israel wa 2007, barua ya mwaliko kutoka Paris au London haikuwa na maana bila kibali cha kutoka. Ndiyo maana makundi kama Eltiqa, lililoanzishwa 2002, na Shababeek yalijenga karakana zao wenyewe na kuwafundisha vijana humo. Kufikia katikati ya 2024 zote mbili zilikuwa kifusi kwa sababu ya vita. Vitani humo msanii Raed Issa alichora juu ya maboksi ya dawa, kwa chai na rosela badala ya rangi. Mwenzake Sohail Salem alitumia kalamu ya wino na madaftari ya shule za UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina. Kazi zao zilionyeshwa Darat al Funun, Amman. Wenyewe walibaki Gaza.

Ufaransa ina mpango uitwao PAUSE, ulioundwa 2017, ambao huwapokea watafiti na wasanii walio hatarini. Wapo Wapalestina wa Gaza walioteuliwa, lakini kivuko cha Rafah, kati ya Gaza na Misri, kilitekwa na jeshi la Israel Mei 2024, na Agosti 2025 Paris yenyewe ikasitisha kuwahamisha watu kutoka Gaza kwa sababu ya machapisho ya mtandaoni ya mwanafunzi mmoja. Wateule waliokuwa bado Gaza wakabaki na barua mkononi.

Taasisi zinazotangaza nafasi kwa wasanii hawa zingefanya vyema kushughulikia kwanza kibali na viza, kisha haki ya kurudi, na kutenga fungu kwa asiyeweza kutoka. Wanaobaki wanahitaji karatasi, umeme na kodi ya chumba. Posho ya Paris haiwafikii.