Mtu anayejikomba kwa bosi, Mzungu anamwitaje?

Mdogo wangu kaniuliza: mtu anayejikomba kwa bosi kupita kiasi, kwa Kiingereza ni servile, obsequious au toady? Kamusi inayaweka pamoja kama ndugu, kumbe kila moja lina kwao.

Servile limetokana na servus, Kilatini cha mtumwa. Zanzibar soko la watumwa lilifungwa 1873 tu, kwa hiyo neno hilo tusimrushie mtu ovyo.

Obsequious nalo ni la Kilatini, maana yake kufuata. Zamani lilikuwa sifa ya mtu mtiifu, baadaye likageuka kejeli.

Toady ni la matapeli wa dawa Uingereza, karne ya 17. Msaidizi alikula chura, au alijifanya kumla, watu wakiamini ana sumu, ili bwana wake "amponye" hadharani na dawa iuzike.

Halafu kuna kowtow, Kichina cha kugonga kichwa chini. Mwaka 1793 balozi Macartney alikataa kumfanyia hivyo Mfalme Qianlong, akapiga goti moja. Kwa Wachina ile ilikuwa heshima. Waingereza ndio walioigeuza dhihaka.

Hapo nikaikumbuka shikamoo yetu, yaani nashika miguu. Mgeni anaweza kuiona utumwa, wakati sisi tunajua ni adabu.

Basi mdogo wangu, anayejikomba mwite obsequious; akifanya hivyo kwa maslahi, toady. Ila anayemwamkia mkubwa wake, usimpe hata moja.

Nawakilisha.