Duka la Wafumaji wa Rochdale

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima

Leo tutajibu swali ambalo kila mwenye duka, genge au meza ya sokoni amekwisha kujiuliza: Je, mtu aweza kuuza kwa haki na bado akapata faida? Wako wasemao kwamba haiwezekani. Husema kuwa mfanya biashara asiyepunja hafiki mbali, na kwamba mwenye kutaka haki na ajenge msikiti au kanisa, asifungue duka. Tusibishane nao kwa maneno matupu. Tuitazame historia.

Mwalimu wa darasa, tafadhali waonyeshe wanafunzi ramani ya Uingereza. Upande wa kaskazini mtauona mji mkubwa wa Manchester. Karibu nao uko mji wa Rochdale. Habari zetu zinaanza hapo, mwaka 1844.

SHIDA ZA WATU

Watu wengi wa Rochdale walikuwa wafumaji wa vitambaa vya sufu. Zamani walifuma kwa mikono nyumbani kwao. Kisha zikaja mashine, na mshahara ukashuka. Mwaka 1844 wafumaji walidai waongezwe mshahara, lakini hawakufaulu.

Hata hicho kidogo walichopata hakikuwafaa sana. Wakati ule katika Uingereza wako wauzaji waliochanganya unga wa ngano na chaki, na majani ya chai na majani mengine. Sheria ya kwanza ya nchi nzima ya kukataza kuchanganya vyakula ilipatikana mwaka 1860 tu. Tena maskini wengi walinunua kwa mkopo. Aliyekuwa na deni dukani hakuweza kuhama, wala hakuweza kulalamika juu ya mizani. Angesema nini, naye wiki ijayo atahitaji kukopa tena?

PAUNI 28

Basi watu kadhaa walikutana, wafumaji na mafundi wa kazi nyingine. Kati yao walikuwamo Charles Howarth, James Smithies na William Cooper. Hawakuwa matajiri. Walianza kuchanga peni 2 kila mtu kwa wiki, kisha peni 3. Kwa kawaida husemwa kuwa walikuwa watu 28, na rasilmali yao ilikuwa pauni 28.

Walipanga chumba cha chini katika ghala moja kwenye njia iitwayo Toad Lane. Usiku wa tarehe 21 Desemba, 1844, walifungua duka. Mlikuwa na siagi ratili 28, sukari ratili 56, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa michache. Ni hayo tu! Vijana wa viwandani walisimama nje wakawazomea. Wenye maduka ya mji hawakuona sababu ya kuogopa duka ambalo bidhaa zake zote zingeweza kubebwa kwa mkokoteni.

KANUNI ZAO

Walichokuwa nacho watu hawa zaidi ya bidhaa ni kanuni. Tuzitazame moja moja.

Kanuni ya kwanza: kuuza chakula safi kisichochanganywa, kwa kipimo kamili.

Kanuni ya pili: kutokukopesha. Kila mtu alipe fedha taslimu. Kanuni hii yaonekana kama ukatili kwa maskini, na kweli iliwazuia wengine waliokuwa wamefungwa na madeni kwingine. Lakini fikirini. Duka linalokopesha hupoteza fedha kwa wasiolipa, na hasara hiyo huongezwa katika bei, akailipa yule aliye mwaminifu. Tena mwenye deni hana uhuru wa kusema.

Kanuni ya tatu: mtu mmoja, kura moja. Mwenye hisa nyingi hakumzidi mwenye hisa chache. Wanawake nao walikubaliwa kuwa wanachama, ingawa sheria za kumpa mwanamke aliyeolewa haki juu ya mali yake zilikuja baadaye, mwaka 1870 na mwaka 1882.

Kanuni ya nne ndiyo iliyoleta mageuzi makubwa. Rasilmali ilipewa riba yenye mpaka, isiyozidi asilimia 5. Faida iliyobaki iligawiwa wanachama kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Tuseme gawio ni shilingi 1 kwa kila pauni. Mama aliyenunua vitu vya pauni 10 katika miezi mitatu atapata shilingi 10. Akipenda atazichukua, au ataziacha dukani ziwe akiba yake.

Sasa mtaona jinsi haki na faida zilivyofungwa pamoja. Katika duka la kawaida, mwenye duka na mnunuzi ni watu wawili. Akimpunja mnunuzi, faida ni yake. Katika duka la Toad Lane, mnunuzi ndiye mwenye duka. Kupunja mizani kungekuwa kujiibia mwenyewe, kutia mkono katika mfuko wa kulia na kuweka katika mfuko wa kushoto. Uaminifu haukuachwa utegemee tabia njema ya mtu mmoja. Uliwekwa ndani ya mpango wenyewe wa biashara.

JE, FAIDA ILIPATIKANA?

Hesabu zinajibu. Mwisho wa mwaka 1845 wanachama walikuwa 74. Duka lilikuwa limeuza vitu vya pauni 710, na faida ilikuwa pauni 22. Mwaka 1849 benki ya akiba ya Rochdale ilianguka, na watu wengi wakapoteza fedha zao. Ndipo wengi walipoligeukia duka ambalo hesabu zake kila mwanachama aliweza kuzijua. Mwaka 1850 wanachama walifika 600. Na mwaka 1860 walikuwa 3,450, mauzo yakiwa pauni 152,063 na faida pauni 15,906. Waliozomea mlangoni, sijui walisema nini siku hiyo.

Wanachama hawakula faida yote. Katika miaka ya 1850 waliweka kanuni ya kutenga asilimia 2 na nusu ya faida kwa ajili ya elimu. Walikuwa na maktaba na chumba cha kusomea magazeti.

ONYO LA KIWANDA

Lakini historia haitupi sifa tu, hutupa na maonyo. Mwaka 1854 baadhi ya wana-ushirika wa Rochdale walianzisha chama kingine, cha kiwanda cha pamba. Waliagana kwamba wafanyakazi nao wapate fungu katika faida, mbali na mshahara. Kiwanda kikastawi. Kwa kuwa kilistawi, watu wengi wapya walinunua hisa. Hawa hawakuja kwa ajili ya haki ya mfanyakazi. Walikuja kwa ajili ya gawio. Mwaka 1862 walikuwa wengi, wakapiga kura, na fungu la wafanyakazi likafutwa.

Angalieni vizuri. Hakuna aliyeiba, wala kiwanda hakikufilisika. Kilichopotea ni lile kusudi la mwanzo. Dukani, mnunuzi na mwenye mali waliendelea kuwa mtu mmoja. Kiwandani, mfanyakazi na mwenye mali waligeuka kuwa watu wawili, na mwenye kura akajipendelea mwenyewe.

MPAKA KWETU

Kanuni za Rochdale zilienea. Mwaka 1895 ulianzishwa mjini London umoja wa vyama vya ushirika vya dunia, na mwaka 1937 umoja huo ulizikubali rasmi kanuni hizo. Katika Tanganyika, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 chama kikuu cha KNCU kikaandikishwa. Shida yao ilikuwa kuuza kahawa, si kununua unga. Hata hivyo jawabu lilikuwa la namna moja: walioumizwa na mizani waishike mizani wenyewe.

Wasikilizaji, kuishika mizani ni kazi. Mwanachama asiyeweza kusoma hesabu za chama chake ni kama mnunuzi anayepimiwa sukari nyuma ya pazia. Ndiyo sababu wafumaji wale walitenga fedha za vitabu kabla ya kugawana faida. Na ninyi mnaojifunza kusoma na kuhesabu jioni hii, baada ya kazi ya kutwa, mnajifunza kuisoma mizani.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini duka la Toad Lane halikukopesha? Je, mngekubali kanuni hiyo katika mtaa wenu?
2. Gawio likiwa shilingi 1 kwa kila pauni, aliyenunua vitu vya pauni 14 atapata shilingi ngapi?
3. Toa faida ya mwaka 1845 katika faida ya mwaka 1860. Tofauti ni pauni ngapi?
4. Wenye kiwanda wangeweka kanuni gani ili fungu la wafanyakazi lisifutwe? Jadilianeni.