Nani anahesabu waliokufa na saratani mtaani kwetu?

Wasee, hebu niwaulize. Kwenye vikundi vya WhatsApp vya hapa Komarock, ni mara ngapi umeona picha ya jirani, namba ya mchango na maneno "ameaga baada ya kuugua kwa muda mrefu"? Mwaka huu kwa sekta yetu nimeona matangazo matatu. Moja niliandika mimi, la shangazi yangu. Ilikuwa saratani ya koo. Matanga yakaisha bila mtu kutaja hilo neno.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, nikisomea takwimu. Kitu kimoja nilitoka nacho ni hiki: jibu unalopata linategemea umehesabu nani. Stori ya Rongelap itawaonyesha.

Rongelap iko Visiwa vya Marshall, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni kule Bikini, lenye nguvu kama mara 1,000 ya lile la Hiroshima. Majivu meupe yenye mionzi yakawanyeshea watu wa Rongelap, na watoto wakayachezea. Siku mbili baadaye ndio wakaondolewa. Mwaka 1957 wakarudishwa, wakiambiwa kisiwa ni salama. Madaktari wa Marekani wakawa wanakuja kuwapima mwaka baada ya mwaka. Wengi wa wale watoto walipata uvimbe kwenye tezi ya shingo. Lekoj Anjain, aliyekuwa na mwaka 1 siku ya bomu, alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1972. Alikuwa na miaka 19 tu. Mwaka 1985 wenyeji waliamua kuhama wenyewe, kwa meli ya Greenpeace.

Sasa angalieni hesabu. Mwaka 2010, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walitoa makadirio. Ukihesabu watu wote wa Visiwa vya Marshall wa enzi hiyo, ni kama asilimia 1.6 tu ya saratani zao zinazotokana na majivu ya mabomu. Ni kidogo, si ndio? Lakini ukihesabu wale watu 82 pekee waliokuwa Rongelap na kisiwa jirani cha Ailinginae, inakuwa asilimia 55. Bomu ni lile lile, watu ni wale wale. Ukiwachanganya na wengine wote, maumivu yao yanamezwa.

Na hata hiyo 55 ilipatikana kwa sababu kulikuwa na orodha: nani alikuwa wapi, akaugua nini, lini.

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga, Kongo, ambako watu wanaongea Kiswahili kama sisi. Manusura wa Hiroshima wamefuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1950 mpaka leo. Wachimbaji waliobeba yale mawe hawakufanyiwa utafiti wa aina hiyo. Watu wa Rongelap walihesabiwa na bado wakaumizwa. Wa Shinkolobwe hata kuhesabiwa hawakuhesabiwa.

Turudi nyumbani. Nairobi ina sajili ya saratani, iko KEMRI tangu 2001, na inategemea rekodi za hospitali. Lakini jiji lina watu zaidi ya milioni 4. Sekta moja ya Komarock ikiingia hapo, inapotea kabisa. Na je, yule aliyerudishwa ushago akafia kitandani kwa nyanyake?

Sisemi moshi wa jaa la Dandora ndio ulimuua shangazi. Sina ushahidi, na watu watatu hawatoshi kusema chochote. Ninachosema ni kwamba tukiendelea kuficha, hata swali lenyewe hatutaweza kuuliza, na miaka 20 ijayo mtu atatuambia "hapo kwenu hakukuwa na shida."

Kwa hivyo, ukipata msiba nyumbani, uliza cheti cha kifo kimeandikwa nini. Familia ikikubali, taja ugonjwa. Mimi nimerudi kwenye lile tangazo la shangazi na kuandika chini yake: saratani ya koo, miaka 51, Komarock tangu 1998. Mamangu alinuna siku mbili. Ya tatu akaniambia, "Ongeza na jina la babu yako."