Jiko na Historia Yake

Mtu atakaye kujua historia ya nchi asitazame vita na watawala peke yao. Na aingie jikoni pia, aulize: Chakula hiki kilitoka wapi, na nani alijifunza kukipika?

Tuchukue mfano wa Riruta, upande wa magharibi wa Nairobi. Zamani huko kulikuwa mashamba ya Wakikuyu. Misafara iliyokwenda Uganda ilipita karibu, nayo ilitegemea vyakula vya wenyeji. Ndiyo maana Kapteni Lugard alijenga ngome Dagoretti mwaka 1890. Katika nyumba za wakati ule mama alipika juu ya mafiga matatu, na binti alijifunza kwa kutazama na kutenda, pasipo mizani wala kitabu. Mvulana hakufundishwa, kwa kuwa upishi ulihesabiwa kuwa kazi ya wanawake.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mambo yaligeuka. Wanaume walikuja mjini kutafuta kazi, wakawaacha wake na mama zao nyumbani. Aliyekuwa hajui kushika mwiko ilimbidi ajifunze, au alale njaa.

Lakini somo lililo chungu kupita yote lilikuja na Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Waafrika wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Walipewa posho ya unga wa mahindi, hali wengi wao walizoea mtama, wimbi au ndizi. Jioni, wakiwa wamechoka, kuni haba na muda mfupi, walipika upesi upesi wakala unga usioiva. Matumbo yakaharibika, wakashikwa na kuhara. Makumi ya maelfu walikufa, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Jina la Kariokor, mtaa wa Nairobi, na la Kariakoo kule Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya jeshi hilo la wapagazi.

Basi fahamu, msomaji, kwamba kupika si jambo dogo, wala si la wanawake tu. Ukisonga ugali, maji na yachemke kwanza. Songa mpaka unga ushikamane, kisha uufunike kidogo juu ya moto mdogo ili uive hata ndani. Maharagwe yaloweke usiku, nawe utaokoa makaa asubuhi. Ukitumia jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, makaa yako yatadumu zaidi.

Kadhalika usidharau mboga za wazee. Managu na terere zilidhaniwa na wengi kuwa magugu au chakula cha maskini, na kwa dharau hiyo vijana wengi wakakosa kujifunza namna ya kuzipika. Leo zinauzwa sokoni na kutafutwa.

Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Desturi ya jiko lako nayo yahitaji mafiga matatu: ujuzi wa mama yako, maarifa ya majirani wa kabila nyingine, na majaribio yako mwenyewe. Jifunze ungali nyumbani, maana siku utakayopanga chumba chako peke yako, njaa haitakungojea.